Kisu cha kukunja: namna ya kukikagua kabla hujatoa pesa

Ukipita Soko Kuu la Mtwara, au ukisimama Lindi pale watu wanaposubiri kivuko cha kwenda Kitunda, hutakosa mtu aliyetandaza turubai lenye tochi, kufuli, mikasi, nyembe na visu vya kukunja. Vyote vinang'aa. Anayenunua kwa mara ya kwanza huchukua kinachong'aa zaidi, akagusa makali kwa kidole gumba, akalipa. Baada ya wiki chache za kukata chambo na kamba za magunia, bapa linachezacheza, loki haishiki, na kisu kinatupwa kwenye droo pamoja na betri zilizokufa.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Si lazima ujue lolote kuhusu vyuma. Unahitaji macho, vidole, karatasi moja na sumaku ndogo, hata ile ya kung'oa kwenye spika mbovu ya redio. Ila kuna jambo moja nataka likukae kichwani kabla ya mengine yote: kisu cha kukunja hukaguliwa kwenye kiungo kwanza, makali baadaye. Makali butu utayarudisha nyumbani kwa kinoo. Kiungo kilichotengenezwa vibaya kiwandani hutakirudisha, na hicho ndicho kinachokata vidole vya watu.

Tuelewane majina kidogo. Bapa ni chuma kinachokata. Upande mmoja una makali, upande wa pili ni mgongo. Mwisho wa bapa unaoingia ndani ya mpini nitauita kitako. Kiungo ni pale kitako kinapokutana na mpini, na katikati yake hupita ribiti au skrubu. Loki ni kile kinachozuia bapa lisijifunge lenyewe wakati unakata.

Kabla hujatoka nyumbani: kisu cha kazi gani?

Mkulima wa Tandahimba anataka kitu cha kukata kamba za magunia ya korosho, kuchonga kigingi na kumenya embe akiwa shambani. Mvuvi wa Msimbati anataka kukata chambo, nailoni na kamba zilizolowa maji ya chumvi, tena kwa mkono mmoja, maana mwingine umeshika mshipi. Mama anayefuata pweza miambani wakati wa bamvua anataka kitu kitakachofunguka hata vidole vikiwa na utelezi. Hawa watatu hawahitaji kisu kimoja.

Kwa kazi nyingi, bapa la sentimita saba hadi tisa linatosha. Refu zaidi ya hapo linakipa kiungo mzigo usio wake. Na ieleweke tangu mwanzo: kisu cha kukunja hakifungui dafu, hakipasui kuni, hakichokoi mlango uliokwama. Kazi hizo zina panga na nyenzo zake. Kupasua nguru mkubwa nako kunahitaji kisu kisichokunjwa, kwa sababu damu na magamba huingia ndani ya kiungo na kuoza humo.

Ukifika kwa muuzaji, omba ruhusa. "Kaka, naomba nikifungue nikiangalie." Wengi watakwambia, "Angalia tu, bosi wangu." Akikataa usikifungue, au kikiwa kwenye plastiki iliyobanwa na hataki kuipasua, nenda turubai linalofuata. Sura ya kisu haitoshi kukwambia kama ni kizima.

Hatua ya kwanza: kikague kikiwa kimefungwa

Kiinue usawa wa macho, uso wa mpini ukiwa chini, ili uone ule mfereji bapa linapolala. Bapa likae katikati, nafasi ya kulia na ya kushoto zilingane. Likiegemea upande mmoja kidogo si dhambi kubwa, hasa kwenye kisu cha bei ndogo chenye skrubu inayorekebishika. Likigusa ukuta wa mpini kabisa, au ukaona mkwaruzo ambao bapa limeshauchora ndani, achana nacho: ama tundu limetobolewa kombo, ama kitako chenyewe kimepinda.

Kisha pitisha kidole kwa uangalifu juu ya mfereji. Ncha iwe imezama ndani, isichomoze hata kidogo. Ncha inayochungulia itatoboa mfuko, halafu itatoboa paja.

Mwisho, kishike mfereji ukielekea chini na ukitikise mara mbili tatu. Bapa lisianguke wala lisichungulie nje. Likifunguka kwa kutikiswa mkononi, litafunguka pia mfukoni ukiwa nyuma ya bodaboda kwenye barabara ya Newala.

Hatua ya pili: kifungue polepole

Polepole nina maana. Wauzaji wengi hukifyatua kwa mkono mmoja ili kikupendeze, na ile kasi inaficha kila kitu. Wewe kifungue kidogo kidogo ukisikiliza kwa vidole. Mwendo uwe sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukihisi mchanga, au mahali panapokwama kisha pakaachia, ndani kuna takataka za kiwandani au chuma kinachosagana na chuma bila washa katikati. Visu vizuri huwa na washa nyembamba za shaba au za plastiki ngumu pande zote mbili za kitako. Kwa kuchungulia juani mara nyingi utaziona, kama mstari mwembamba wa rangi tofauti.

Kwenye visu visivyo na loki, vile vinavyoshikiliwa na springi ya mgongoni tu, sikiliza mlio. Bapa likifika mwisho springi inatakiwa ilishike kwa mlio mkavu, na likirudi kufungwa livutwe lenyewe hatua ya mwisho. Likijiendea tu bila kushikwa mahali popote, springi ni laini, na itazidi kulegea.

Muuzaji atasema, "Hiki bado kipya, kitalainika chenyewe." Kwa kisu kigumu kufungua, anaweza kuwa mkweli. Kwa kisu kilicholegea, hakuna kulegea kunakojikaza.

Hatua ya tatu: kiungo

Hapa chukua muda wako, hata kama nyuma kuna wateja wengine.

Fungua bapa lote mpaka loki ishike. Shika mpini kwa mkono wa kushoto, makali yakitazama upande usio na mtu. Kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia, bana bapa kutokea upande wa mgongo, karibu na ncha, vidole visifike kwenye makali. Sasa sukuma kulia, kushoto, kulia, kushoto, bila nguvu. Macho usiyaweke kwenye ncha, maana ncha hucheza kwa sababu nyingi, hata kwa wembamba wa bapa. Yaweke kwenye kiungo. Angalia kama kati ya kitako na mpini kuna mwanya unaofunguka upande mmoja na kufumba upande mwingine. Ukiuona, kisu kinacheza.

Kisha sukuma juu na chini, ule upande wa kukunjia na wa kufungulia. Huu mchezo wa pili ni mbaya kuliko wa kwanza. Wa kulia na kushoto, kama kiungo kina skrubu, unaweza kwisha kwa kukaza robo mzunguko. Wa juu na chini unakwambia kwamba loki na kitako havikutani sawasawa, na hilo halikazwi kwa bisibisi. Ukisikia "tak, tak" ndani kila ukisukuma, mrudishie kwa adabu.

Tatizo ni hili. Ribiti hupita kwenye tundu la kitako. Tundu likiwa pana kuliko ribiti hata kwa unywele, kila unapokata kitu kigumu bapa linagonga ukuta wa tundu. Chuma laini kinapanuka kwa kugongwa, tundu linakuwa yai, na mwanya uliouona siku ya kununua unaongezeka kama mlango wenye bawaba mbovu unavyozidi kushuka. Ndiyo maana kisu kinachocheza kikiwa kipya hakistahili hata punguzo la bei.

Linganisha visu viwili vitatu vya aina ileile kutoka turubai lilelile. Viwanda vya bei ndogo havitoi kazi inayofanana. Kimoja kinaweza kucheza na mwenzake akawa imara, na bei ni moja. Mtu asiye na haraka hupata kisu kizuri palepale mwenzake alipopata kibovu.

Hatua ya nne: loki

Kwenye masoko yetu utakutana na loki za aina chache.

Iliyoenea zaidi ni ya bati la ndani. Ukifungua bapa, kipande cha bati kilicho ndani ya mpini kinaruka kuelekea katikati na kusimama nyuma ya kitako. Chungulia kutokea mgongoni uone kimesimama wapi. Kiwe kimeingia nyuma ya kitako vizuri, takriban kutoka robo hadi nusu ya upana wake. Kikishika ukingoni tu, kwa unene wa kucha, kitateleza siku ya mzigo. Na kikiwa tayari kimevuka hadi ukuta wa upande wa pili kwenye kisu kipya, hakijabakiza nafasi ya kulika, maana bati husogea upande huo kadiri linavyosuguliwa na miaka. Angalia pia unene wa bati lenyewe: lile linalopinda kwa kidole kama mfuniko wa kopo halizuii kitu.

Ya pili ni loki ya mgongoni: unabonyeza kipande kwenye mgongo wa mpini ndipo bapa lifunge. Hii ni imara sana ikitengenezwa vizuri, lakini ina adui mmoja, uchafu. Kile kijino kinadumbukia kwenye pengo dogo la kitako. Mchanga wa pwani, nyuzi za gunia au nyama ya embe zikijaa humo, kijino hakifiki chini na loki inashika nusunusu. Kwa hiyo tazama kama pengo hilo unaweza kulifikia kwa kijiti cha kuchokolea meno. Kabla hujalipa, hakikisha kijino kimekaa sawa na mgongo wa mpini bapa likiwa wazi, kisichomoze wala kisizame.

Ya tatu ni pete inayozungushwa shingoni mwa mpini. Wanaojulikana zaidi kwa loki hii ni Opinel wa Ufaransa. Visu vyao vinatengenezwa tangu 1890, na pete ya kufunga ikaongezwa mwaka 1955. Ni loki rahisi, inaonekana yote kwa macho, haina siri. Udhaifu wake ni mpini wa mti: ukilowa unavimba na kulibana bapa mpaka halifunguki. Anayekaa na kisu ndani ya ngalawa siku nzima afikirie mara mbili.

Na kuna Okapi, kile chenye pete ya kuvuta mgongoni na mlio wa krr-krr kikifunguliwa, mpini wa mti wenye mwezi na nyota. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, wakati huo nasi huku tukiwa chini yao, na tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Bapa lake ni chuma cha kaboni, kinanoleka upesi na kushika kutu upesi.

Kupima loki yoyote: fungua, shika mpini kwa kuubana pande mbili ili kidole chochote kisiwe kwenye njia ya makali, kisha kandamiza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza ya mbao. Kandamiza, ongeza, shikilia. Loki isisogee wala isilie. Rudia kwa kuunyonga mpini kidogo huku ukikandamiza, kwa sababu loki za bati nyingi hupita mtihani wa kwanza na kuanguka kwenye huu. Wapo wanaopiga mgongo wa kisu mezani kwa nguvu ili "kuona kama ni imara". Kipigo cha namna hiyo kinaweza kuharibu loki nzima, kwa hiyo usikiruhusu kwenye kisu unachotaka kununua.

Hatua ya tano: bapa na makali

Tazama kisu kutokea kwenye ncha, kana kwamba kinakutazama. Miteremko miwili ya makali, kushoto na kulia, ilingane. Mmoja ukiwa mpana na mwingine mwembamba, fundi wa mashine alikuwa na haraka, na wewe utateseka kunoa. Angalia pia unene nyuma tu ya makali. Visu vingi vya bei ndogo vina bapa nene mpaka chini kabisa, halafu makali yamepigwa juu ya unene huo. Vitapenya karatasi, lakini ukikata muhogo vinaupasua badala ya kuukata.

Sasa elekeza makali juu, chini ya jua au tochi ya simu, na ukizungushe taratibu. Makali halisi hayaonekani, ni mstari mweusi. Kila penye kumeta pana butu, pengo au mkunjo. Kisu kipya chenye vimeto viwili vitatu kinatibika kwa kinoo, na wala visikukimbize. Chenye vimeto mstari mzima hakijanolewa, kimeng'arishwa tu.

Toa karatasi yako. Kata kwa kutelezesha kutoka kitako hadi ncha. Isikatike kwa kuchanika, na isikwame mahali pamoja kila mara.

Hatua ya sita: chuma chenyewe

Hapa ndipo maneno mengi ya sokoni yalipo, na sumaku itakusaidia kuyapunguza.

Watu wengi huamini kwamba stenlesi nzuri haishikwi na sumaku. Kwa vijiko na sufuria mara nyingi ni kweli. Kwa kisu ni kinyume chake. Chuma cha bapa kinapata ugumu kwa kupashwa moto mkali, kupozwa ghafla, kisha kupashwa tena kwa kiasi ili kisivunjike kama kioo. Chuma kinachokazika hivyo hushikwa na sumaku; stenlesi ya vijiko isiyoshikwa haikazwi kwa njia hiyo hata ukiichoma mchana kutwa. Kwa hiyo ukiweka sumaku kwenye bapa la kisu cha kawaida ikadondoka, huna kisu pale. Sumaku ikishika, umevuka kizingiti kimoja tu. Haijakwambia kwamba chuma ni kizuri.

Ugumu wa visu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell. Visu vya mfukoni vya kawaida huwa kati ya 54 na 62. Kampuni ya Victorinox ya Uswisi, inayofanya kazi hii tangu 1884, hukaza mabapa yake kwenye 56, wakati springi za kisu hichohicho zimeachwa 49. Zinatakiwa zipinde na kurudi bila kuvunjika, na kila kipande kinapewa ugumu wa kazi yake. Namba kubwa haina maana kisu ni bora kwako: kigumu sana hushika makali muda mrefu lakini humeguka kikigonga mfupa, na kukinoa kwa jiwe la kawaida ni kazi ya jioni nzima. Kwa mtu anayeanza, chuma cha kati kinachonoleka kirahisi ni rafiki zaidi.

Maandishi kwenye kitako yanasaidia ukijua ya kuamini. "Stainless", "Inox" na "Rostfrei" yote yanasema tu kwamba chuma kina kromiamu ya kutosha kupunguza kutu, asilimia 10.5 au zaidi. Hayasemi lolote kuhusu makali. "440", namba ya aina ya stenlesi, peke yake haitoshi pia, kwa kuwa kuna A, B na C, na C ndiyo yenye kaboni nyingi zaidi, yaani inayoweza kukazwa zaidi. "8Cr13MoV" ni chuma cha China kinachostahili heshima kwenye visu vya bei ya kati. "12C27" na "14C28N" ni vya Sweden, vinavumilia chumvi vizuri. "D2" hushika makali kwa muda mrefu, lakini kromiamu yake haitoshi kukabili bahari. Kinafaa Masasi kuliko Mikindani.

Jina "Solingen", mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu, linalindwa na sheria ya huko tangu 1938, lakini sheria hiyo haifiki kwenye turubai. Vivyo hivyo kisu chekundu chenye msalaba mweupe. Usianze na nembo. Kisu cha Victorinox cha kweli kina jina limepigwa kwenye kitako cha bapa kubwa, na kila zana hufunguka kwa mlio wake bila kuburuta ya jirani. Tabaka za ndani zimebanana kiasi kwamba ukikiinua juani huoni mwanga ukipenya. Bandia hupitisha mwanga. Bandia isiyopitisha mwanga, isiyocheza na yenye springi imara si haramu kuinunua kama kisu cha kawaida, ila kwa bei ya kisu cha kawaida.

Mpini

Ukishike kama utakavyokishika ukiwa na jasho. Kona kali zitakuchubua. Pitisha ukucha pale vipande vinapoungana. Ukucha ukinasa, maji ya chumvi nayo yatanasa. Plastiki ngumu yenye mikwaruzo ya kushikia inafaa zaidi ufukweni. Mti unafaa zaidi bara, na ukiupenda, huku kwetu una bahati: fundi wa vinyago anayefanya kazi ya mpingo anaweza kukuvisha mpini mpya. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini na hunyonya maji kidogo sana, sababu zilezile zinazoufanya utafutwe kwa klarineti, ala ya muziki ya kupuliza.

Ukishafika nyumbani

Kioshe kwa maji baridi na sabuni, kikaushe, tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo, fungua na funga mara kadhaa, futa kinachotoka. Huenda kikatoka cheusi. Hiyo ni takataka ya kiwandani. Mafuta ya nazi usiyatie kwenye kiungo, yanaganda na kunata. Kwenye bapa la kaboni linalokata chakula, kulipaka mafuta ya nazi kidogo ni sawa.

Halafu kipe mtihani ambao sokoni usingeweza. Chukua tawi kavu la mkorosho na uchonge mpaka chini pawe na rundo dogo la maranda. Rudi kwenye mwanga, elekeza makali juu. Yakiwa bado meusi, chuma kimekazwa vizuri. Vikionekana vimeto vya mviringo laini, makali yamekunjika, chuma ni laini. Utakitumia, lakini utanoa mara kwa mara. Vikionekana vipengo vyenye kingo kali, chuma kimekazwa kupita kiasi au makali ni membamba mno. Hapo kinoe kwa pembe pana kidogo, na mara nyingi shida inakwisha.

Pembe ya kunolea usiikisie. Kona ya karatasi ni nyuzi 90. Ikunje mara moja upate 45, mara ya pili upate kama 22. Simamisha pembetatu hiyo juu ya kinoo, laza bapa juu yake, kisha shusha mgongo kidogo sana. Uko kwenye 20, pembe inayofaa kazi nyingi. Noa upande mmoja mpaka upande wa pili uhisi uzi mwembamba wa chuma ukikwaruza kidole, ukipapasa kutoka mgongoni kuelekea nje. Geuza, fanya hivyohivyo, kisha malizia kwa mkono mwepesi kwa zamu. Uzi ukikataa kutoka na ukawa unapinda tu huku na huku, hiyo ni dalili nyingine ya chuma laini.

Ukitoka baharini, suuza kwa maji yasiyo na chumvi kiungo kikiwa wazi, na kausha siku hiyohiyo. Hewa ya chumvi peke yake inatosha kuanzisha madoa, hata kwenye stenlesi. Kwenye bapa la kaboni utaona rangi ya kijivu au nyeusi baada ya kukata mabibo au embe changa. Hiyo si kutu na haina madhara, tena inalikinga bapa kidogo. Kutu ni ile nyekundu inayobaki kidoleni. Iondoe mapema kwa msasa laini na mafuta. Na usitumie kisu cha kukunja kubangua korosho mbichi: mafuta ya ganda huunguza ngozi, na yakiingia kwenye kiungo hunata vibaya.

Safari ya ndege kutoka Mtwara, kiweke kwenye begi linaloingia chini ya ndege, siyo la mkononi. Kwenye mikusanyiko na uwanja wa mpira, kiache nyumbani. Kumpa mtu, mpe kikiwa kimefungwa.

Baada ya miezi ya kazi, kagua kiungo tena kwa vidole vilevile vya sokoni. Mchezo wa kulia na kushoto kwenye skrubu, kaza robo mzunguko, fungua na funga, sikiliza kama hakijawa kigumu. Kwenye ribiti, fundi mwenye nyundo ndogo na fuawe anaweza kugonga kichwa cha ribiti mara chache na kuurudisha mkazo. Mwambie agonge kidogo, ajaribu, agonge tena. Ila loki iliyolika, inayoachia ukikandamiza mgongo mezani, usimgawie mtoto wala jirani kisu hicho. Ng'oa bapa, mpe fundi alivishe mpini wa mti usiokunjwa, na litaendelea kumenya machungwa nyumbani kwa miaka.